"Simu Inapoteza Watoto": Uhakiki wa Usemi wa Mawaidha katika Fizi na Baraka

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa kauli zinazosikika mara kwa mara vinywani mwa wazazi, walimu na viongozi wa dini katika Afrika Mashariki na Kati ni ile isemayo kwamba simu inapoteza watoto. Kauli hiyo ina sura nyingi. Mara husemwa kwamba simu imewateka vijana, mara kwamba imewapumbaza, mara kwamba inawaibia muda wa masomo. Katika mji wa Baraka na katika teritwari ya Fizi, jimbo la Kivu Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lawama hii ina uzito wa pekee, kwa kuwa huko simu iliwafikia watu waliokwisha kutawanywa na vita, na ikawa kwa wengi chombo cha kwanza cha kuwakusanya tena.

Makala haya hayakusudii kuitetea simu, wala kuongeza idadi ya wanaoilaumu. Kusudi lake ni kuichukua lawama yenyewe kama matini ya mawaidha, na kuihakiki kama inavyohakikiwa matini nyingine yoyote: nani anasema, anamwambia nani, kwa maneno gani, na kwa taathira ipi. Hoja inayotetewa ni kwamba lawama hiyo ina haki katika maudhui yake lakini ina kasoro katika fani yake. Na kwamba kasoro hiyo ya fani ndiyo inayoizuia isiwafikie vijana iliyokusudiwa kuwaonya.

2.0 Mandhari ya Usemi

Baraka iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, katika ghuba iliyokingwa na rasi ya Ubwari. Barabara ya Taifa Namba 5 inauunganisha mji huo na Uvira na Bukavu upande wa kaskazini, na Kalemie upande wa kusini. Ng'ambo ya ziwa iko Kigoma. Ziwa hilo limekuwa njia ya samaki, ya biashara na ya wakimbizi. Mwaka 1965 Ernesto Che Guevara alilivuka kutoka Kigoma kwenda kuwasaidia wapiganaji waliokuwa katika milima ya Fizi. Mwaka 1996, vita vilipoanza upya, maelfu ya watu wa Fizi na Uvira walilivuka kwa upande wa pili, wakapokelewa mkoani Kigoma, wengi wao katika kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka huohuo. Kuanzia mwaka 2005 meli zilianza kuwarudisha baadhi yao Baraka. Wengine walibaki kambini, na wengine wakahamishiwa mbali zaidi, hasa Marekani. Tangu mwaka 2015, Fizi iliyotoa wakimbizi nayo imekuwa ikiwapokea wakimbizi wa Burundi katika kambi ya Lusenda.

Ukoo mmoja wa Kibembe, kwa hiyo, unaweza kuwa na watu Baraka, Uvira, Nyarugusu na Marekani kwa wakati mmoja. Kwa ukoo wa namna hiyo simu si anasa. Ni kizingiti ambapo bibi aliye Fizi humwona mjukuu asiyepata kumbeba. Habari ya msiba hupita humo, fedha za ada hupita humo, na habari za usalama wa barabara hupita humo pia. Goma ilipoingia mikononi mwa kundi la M23 mwezi Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, familia nyingi za Kivu Kusini zilijua hali ya jamaa zao kwa njia ya simu kabla ya njia nyingine yoyote.

Upande wa lugha, kijana wa Baraka anaishi katika ngazi tatu. Kibembe ni lugha ya ukoo na ya wazee. Kiswahili, ambacho ni mojawapo ya lugha nne za taifa nchini Kongo, ni lugha ya soko, ya ibada na ya mtaa. Kifaransa ni lugha ya daftari na ya mtihani. Ngazi hizi hazina budi kukumbukwa, kwani lawama dhidi ya simu hutolewa kwa Kiswahili, na vijana wanaolaumiwa nao huandika katika simu zao, kwa sehemu kubwa, kwa Kiswahili.

3.0 Sarufi ya Lawama

Sentensi "simu inapoteza watoto" ni fupi, na ufupi wake ni sehemu ya nguvu yake. Kiima ni simu. Yambwa ni watoto. Kati ya hao wawili hakuna mtu wa tatu. Mzazi, mwalimu, mwenye kampuni na mwenye kuuza simu wote hawamo. Kifaa kisicho na nia kimepewa nafasi ya mtenda, na kijana mwenye nia amepewa nafasi ya mtendwa. Hii ni tashihisi, na tashihisi si kosa katika fasihi. Kosa hutokea pale tamathali inapochukuliwa kuwa maelezo, na watu wakaanza kutenda kana kwamba kifaa ndicho chenye hatia.

Kitenzi chenyewe kinastahili kutazamwa. "Kupoteza" ni kauli ya kutendesha ya "kupotea", nacho kina maana mbili zilizo karibu. Maana ya kwanza ni ya kukosa kile mtu alichokuwa nacho: mtu hupoteza ufunguo, hupoteza fedha, hupoteza mzazi. Katika maana hiyo kiima ni yule aliyepata hasara. Maana ya pili ni ya kumtoa mtu katika njia iliyonyooka, yaani kumpotosha. Katika maana hiyo kiima ni yule aletaye madhara. Msemaji anayesema kwamba simu inapoteza watoto ametumia maana ya pili, lakini huzuni iliyomo katika sauti yake ni ya maana ya kwanza. Anayehisi kwamba amepotelewa ni mzazi. Hata hivyo mzazi huyo ameondolewa katika sentensi, na mahali pake pamekaliwa na simu.

Katika Fizi neno hili lina tabaka jingine. Baada ya mwaka 1996, kusema kwamba fulani "amepotea" hakukuwa na mafumbo: maana yake ni kwamba haijulikani kama yu hai. Watoto walipotea njiani, majini na misituni. Kinyume cha kupotea ni kupatikana, na kupatikana ndilo neno la simu. Mtu aliye ng'ambo ambaye laini yake imezimwa husemwa kwamba "hapatikani", ikiwashwa, amepatikana. Hivyo chombo kinacholaumiwa kwa kupoteza ndicho hichohicho kilichowapata waliopotea. Kijana anajua jambo hilo, kwa sababu yeye ndiye aghalabu anayetumwa kutafuta mtandao, kusoma ujumbe wa shangazi aliye Nyarugusu, na kumsaidia bibi kuzungumza na picha inayocheza. Anaposikia kwamba simu inampoteza, anasikia nusu ya habari, na ile nusu nyingine anaijua kuliko msemaji.

Methali mashuhuri ya Kiswahili inaonyesha jinsi jambo hilohilo linavyoweza kusemwa kwa sarufi timilifu zaidi: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hapa kitenzi ni kimoja, na kimetumika mara mbili katika kauli ya kutendwa. Watenda ni wawili, mama na ulimwengu, na kila mmoja ametajwa wazi. Ulimwengu haukupewa nafasi ya kufunza mpaka mama alipoiacha. Methali haimwachi mzazi ajifiche, na wala haimwambii mtoto kwamba yeye ni mzigo unaochukuliwa na maji. Laiti mawaidha juu ya simu yangefuata muundo huo, yangeanza na swali la nani aliyeacha nafasi wazi.

4.0 Mawaidha Yaliyotangulia

Fasihi ya Kiswahili ina hazina kubwa ya mawaidha kwa vijana, na hapana haja ya kuazima kipimo kutoka kwingine. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa wasia. Wahakiki wamejadili sana maudhui ya utendi huo, na wengi wameyakosoa kwa namna yanavyomweka mwanamke chini ya mumewe. Jambo linalohusika hapa ni la fani. Mwanzoni kabisa mama anamwita binti asogee karibu, aketi, na alete wino na karatasi. Kwa hiyo mawaidha yanatanguliwa na ukaribu. Msemaji anajitaja, anaeleza hali yake, na anamtaja anayesema naye. Tena chombo cha kuandikia hakikukatazwa. Kimeitwa, kikawekwa kati ya mama na mwana, kikawa sehemu ya uhusiano wao.

Shaaban Robert aliufuata mkondo huo alipoandika utenzi mmoja kwa ajili ya binti yake na mwingine kwa ajili ya mwanawe. Huko nako mtoto ni msikilizaji mwenye jina na nafsi. Anaonywa, lakini anaonywa kama mtu atakayechagua.

Mfano wa kinyume unapatikana katika riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, iliyotolewa mwaka 1971 na ambayo kwa kipindi fulani ilizuiwa kutumika mashuleni nchini Tanzania. Zakaria, baba mkali wa kijiji cha Namagondo huko Ukerewe, anampiga bintiye Rosa kwa sababu ya barua kutoka kwa mvulana. Barua ndiyo simu ya wakati huo. Baba anaiona barua kama adui aliyeingia nyumbani, na akiisha kumwadhibu aliyeipokea, anadhani kazi imekwisha. Lakini Rosa anapoondoka nyumbani na kupata uhuru, hana alichofunzwa juu ya namna ya kuutumia. Kezilahabi hamtetei Rosa katika kila alitendalo. Anachoonyesha ni kwamba kipigo kilichukua mahali pa mazungumzo, na kwamba nafasi iliyoachwa tupu ilijazwa na wengine. Mzazi wa Baraka anayenyang'anya simu kwa hasira na kuifungia sandukuni anarudia tendo la Zakaria, hata kama nia yake ni njema.

Dola nayo imewahi kutumia sarufi hiyohiyo. Mwezi Januari 2015, wakati wa maandamano, na tena kuanzia tarehe 31 Desemba 2018 kwa muda wa siku zipatazo 20 baada ya uchaguzi, huduma za intaneti zilikatwa nchini Kongo. Katika hali hizo pia chombo kilihesabiwa kuwa mtenda, na watu wakahesabiwa kuwa watendwa wasioweza kuachwa na habari mikononi mwao.

5.0 Haki Iliyomo katika Lawama

Hata hivyo, mhakiki anayeishia katika kuonyesha kasoro za fani atakuwa ameitendea lawama hii dhuluma. Simu si barua. Barua ina mwisho. Ukurasa una ukingo wa chini ambapo jicho hupumzika. Mwaka 2006 mbunifu wa Marekani, Aza Raskin, alibuni ukurasa usio na mwisho, ambao huongezeka kadiri kidole kinavyousukuma, na baadaye yeye mwenyewe ameeleza hadharani majuto yake juu ya matumizi ya ubunifu huo. Mwaka 2009 Facebook ilianzisha kitufe cha kuonyesha kupendezwa, na tangu hapo kijana anayeweka picha yake huweza kuhesabu, saa baada ya saa, ni wangapi waliomkubali. Kampuni hizi hupata mapato kwa kuwauzia watangazaji nafasi mbele ya macho ya watumiaji. Aliyemwandikia Rosa barua hakulipwa kwa kila dakika ambayo Rosa aliitazama. Kampuni ya mtandao wa kijamii hulipwa.

Kwa sababu hiyo wasiwasi wa wazazi wa Fizi si wa kijijini wala si wa ujinga. Ufaransa, ambayo lugha yake ndiyo lugha ya shule nchini Kongo, ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia simu katika shule za msingi na za daraja la kwanza la sekondari. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilieleza kwamba mwanafunzi aliyekatizwa anaweza kuchukua hadi dakika 20 kabla ya kuurudia umakini wake. Australia ilipitisha sheria mwaka 2024 ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 wasiwe na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii, nayo ikaanza kutumika tarehe 10 Desemba 2025.

Lakini mazingira ya Baraka hayafanani na ya Paris au Sydney, na mawaidha yanayonakiliwa kutoka huko hayatafaa bila kurekebishwa. Baraka umeme wa kuchajia simu hutoka kwa kawaida katika paneli za jua au jenereta, na mara nyingi hulipiwa kibandani. Simu moja huweza kuwa ya watu watatu. Mega hununuliwa kidogo kidogo, na kifurushi cha siku moja huisha siku moja, kiwe kimetumika au hakikutumika. Kijana wa Baraka, basi, hakai na mtandao mchana na usiku kama kijana wa nchi tajiri. Yeye huupata kwa vipande, na kila kipande kina saa yake ya kufa. Ndiyo maana humwona mtu akiiacha kazi ya shule au ndoo ya maji ili "kumaliza mega" kabla haijakwisha. Haraka hiyo huonekana kwa mzazi kama ulevi. Kwa sehemu ni ulevi, na kwa sehemu ni hesabu ya mtu maskini anayekataa kutupa alichokilipia. Onyo lisilotofautisha mambo haya mawili litaligusa moja na kulikosa jingine.

Tena, neno "watoto" katika lawama limewafunika watu wengi. Mwanafunzi anayesoma kwa taa ya simu, msichana anayeuza ndagala sokoni na kupokea malipo kwa simu, na mvulana aliyeacha shule kwenda kuchimba dhahabu Misisi hawapotezwi na kitu kimoja. Huyo wa tatu alivutwa na machimbo kabla ya kuvutwa na simu. Kumweka katika sentensi moja na wenzake ni kuificha sababu halisi ya kuacha kwake shule, ambayo aghalabu ni ada.

6.0 Kijana kama Mwandishi na kama Msambazaji

Kuna jambo ambalo lawama haioni kabisa, nalo ni kwamba kijana mwenye simu anaandika. Sheria ya msingi ya elimu ya mwaka 2014 inazitambua lugha za taifa katika ufundishaji, lakini Kiswahili hupewa nafasi katika miaka ya mwanzo tu, kisha Kifaransa hushika darasa. Kijana wa Baraka anaweza kumaliza sekondari bila kuandika insha hata moja kwa Kiswahili. Ujumbe wa simu ndio uandishi wake wa Kiswahili. Humo anaandika "batoto" na "bintu", anatumia "njo" pale Kiswahili sanifu kinaposema "ndiyo", anaanza kwa "slt" ya Kifaransa, na pengine anafunga kwa neno la Kibembe ambalo ni wa nyumbani tu watakaolielewa. Mwalimu anayeita maandishi hayo Kiswahili kibovu, na kuhesabu uharibifu huo kuwa kosa la simu, amesahau kwamba viambishi hivyo vilikuwa vikitamkwa mashariki mwa Kongo kabla simu hazijafika. Simu haikuviumba. Imeviandika.

Hapa ndipo penye jambo kubwa linaloweza kupatikana au kupotea. Uandishi huo haufundishwi na mtu yeyote, na kwa hiyo hauna maadili yake. Katika barza la wanaume wa Kibembe, linaloitwa lubunga, anayesema anaonekana. Ukoo wake unajulikana, umri wake unajulikana, na akisema uongo kuna wa kumwuliza. Katika hadithi ya jioni msimulizi naye yupo, na hadhira ina haki ya kumkatiza. Ujumbe unaopitishwa kutoka kundi hadi kundi hauna msimulizi. Mwaka 2018 WhatsApp iliweka alama ya kuonyesha kwamba ujumbe umepitishwa, na mwaka 2019 ikapunguza mara ambazo ujumbe unaweza kupitishwa kwa mkupuo mmoja. Lakini alama hiyo husema tu kwamba maneno yametoka kwingine. Haisemi kwa nani.

Katika Fizi udhaifu huo unaweza kuua. Minembwe, iliyo katika nyanda za juu za teritwari hiyo, imekuwa kitovu cha mapigano yaliyowagusa Wabembe, Wanyamulenge, Wafuliiru na Wanyindu. Kuzinduliwa kwa wilaya ndogo ya Minembwe mwezi Septemba 2020 kulizua mabishano makali nchini kote, hata Rais Félix Tshisekedi akausimamisha mpango huo mwezi uliofuata. Mabishano hayo yalipiganwa pia katika simu. Umoja wa Mataifa umeonya zaidi ya mara moja juu ya maneno ya chuki yanayoenezwa mitandaoni mashariki mwa Kongo. Picha ya maiti isiyo na tarehe wala mahali, au sauti ya mtu asiyejitaja, inaweza kumfikia kijana wa miaka 15 na kumwomba jambo moja tu: aipitishe. Kijana huyo hajapotea. Yuko nyumbani, ameketi karibu na mama yake. Lakini amekuwa tarishi wa maneno asiyoyajua mwenyewe wao.

Kwa hiyo suala la umakini katika Fizi ni pana kuliko saa za masomo. Wazazi wanapolalamika kwamba simu inavuta macho ya vijana, wanalenga umakini wa kutazama daftari. Umakini ulio adimu zaidi ni ule wa kuuliza: nani kasema haya, lini, na anataka nini? Mawaidha ya sasa yanaupigania ule wa kwanza na kuusahau wa pili. Naye mzee anayemwonya mjukuu asichezee simu, kisha yeye mwenyewe akampa sauti ya chuki ili aipeleke kwa jamaa walio ng'ambo, amebatilisha onyo lake kwa mkono wake.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba usemi wa "simu inapoteza watoto" unabeba hofu ya kweli katika muundo usioweza kuitimiza kazi yake. Umemwondoa mzazi katika sentensi, umezificha kampuni zinazopata faida, umewachanganya vijana wa hali mbalimbali katika neno moja, na umekaa kimya juu ya uandishi unaofanyika ndani ya chombo kinacholaumiwa. Fasihi ya Kiswahili ina muundo ulio bora zaidi: msemaji anayejitaja, msikilizaji anayeitwa karibu, na chombo kinachowekwa kati yao.

Kwa upande wa taaluma, kazi iliyo mbele ni ya vitendo. Walimu wa Kiswahili wa Kivu Kusini wangeweza kuuleta ujumbe wa simu darasani kama matini ya kusomwa: kutafuta mwandishi wake, kupima ushahidi wake, kulinganisha lahaja yake na Kiswahili sanifu bila kuidharau. Idara za Kiswahili zilizoko ng'ambo ya ziwa, ambazo kwa muda mrefu zimekitazama Kiswahili cha Kongo kama orodha ya makosa, zina wajibu wa kuwasaidia kwa vitabu na kwa utafiti. Na wazazi, kabla ya kuifungia simu sandukuni, wangeweza kuketi na kijana jioni moja na kumwomba awasomee kwa sauti yote aliyopokea siku hiyo. Yapo yatakayowachekesha, yapo yatakayowaaibisha, na yapo ambayo hapana hata mmoja wao atakayeweza kusema yametoka kwa nani. Hayo ya mwisho ndiyo yanayostahili kuwa somo la kwanza.